Kufuli la Kisima na Mtungi wa Heliamu

Waberi, Garissa
12 Januari 2025

Kwa Abti Dubow,

Assalaamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Mama Raho, pamoja na ngamia wale watatu wenye vichwa vigumu. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakusalimu na kusema kaka yake amemsahau. Goti linamsumbua asubuhi tu; ikifika saa nne huwa amekwishafika sokoni na kugombana na muuza mkaa.

Mwenye duka jirani aliniuliza kwa nini bado naandika barua wakati kila mtu ana simu. Nikamwambia mjomba wangu alifundisha Kiswahili miaka thelathini, sikio lake moja limekufa, lile la pili haliziamini simu, na kijijini kwake mtandao ulikufa kabla ya sikio. Akasema basi niandike kwa herufi kubwa.

Sasa neno lenyewe. Mashine imefika hapa kwetu maabara ya maji. Jina lake la kitabuni ni spektrometa ya masi: hugawanya maji mpaka chembe, ikapima uzito wa kila chembe na kusema ni nini. Hii haitasita kama zile karatasi zangu za kupimia. Nakumbuka mwezi wa tisa nilipochovya karatasi kwenye kisima chenu kipya, rangi ikasimama katikati, si salama, si sumu. Ukaniuliza mbele ya watu wote, "Ungempa mama yako maji haya?" Nikajibu, "Bado." Ukatoa kufuli mfukoni ukafunga bomba. Tangu siku ile neno langu limelala pale kisimani, na wanawake wanakwenda silangani, kwenye lile bwawa la mvua, kilomita tisa.

Kilichobaki ni gesi. Mashine inataka gesi mbili. Ya kwanza ni agoni, ambayo hugeuzwa kuwa moto mkali wa kuunguza maji. Ya pili ni heliamu, nayo ni muhimu kwenu kuliko kwa wengine, kwa sababu maji yenu yana chumvi. Chumvi ikikutana na agoni ndani ya ule moto huungana nayo, na uzito wao pamoja ni sawasawa na uzito wa aseniki, ile sumu tunayoitafuta. Bila heliamu ya kuwatenganisha, mashine itaona sumu pasipo na sumu.

Kazi ya kuunganisha nimepewa mimi. Naomba wiki tatu. Usifungue. Niletee lita tano za maji ya kisima kwa gari la Mohamedamin.

Mpwa wako,
Kinsi


Kijijini, Buna
26 Januari 2025

Abti Kinsi,

Wa alaykum salaam. Barua imefika ikinuka dizeli, kwa hiyo najua Mohamedamin aliiweka pale anapoweka kila kitu. Sisi ni wazima. Ngamia jike amezaa dume, na Raho amekasirika kana kwamba mimi ndiye niliyechagua. Mwambie mama yako sijamsahau. Ni yeye aliyehamia mjini akaanza kuhesabu siku. Nimefurahi kwamba bado tunaitana abti wote wawili, mjomba na mpwa, kama desturi yetu inavyotaka, ingawa wewe sasa una mashine na mimi nina punda.

Kiangazi cha Jilaal mwaka huu ni kikavu. Silanga imerudi nyuma, matope ni mengi kuliko maji. Kamati ya maji ilikaa Jumatatu. Mzee mmoja alisema mwenyekiti amefunga riziki ya watu kwa neno la msichana. Nikamwambia msichana huyo nilimfundisha mwenyewe, chini ya pampu ya shule, akiwa na miaka kumi na moja na spana ndefu kuliko mkono wake, na sijawahi kuona nati aliyoifunga ikitoa tone. Wakanyamaza. Kunyamaza si kukubali, lakini kunatosha kwa wiki tatu.

Maji ndiyo hayo. Raho ataongeza mstari wake, maana tangu amalize masomo ya ngumbaru haachi karatasi ipite bila kuiwekea mkono.

Mjomba wako,
Dubow

Kinsi mtungi ya maji nimeosha mimi mwenyewe vizuri sana kama ya maziwa ya mgeni. Raho.


Waberi, Garissa
10 Februari 2025

Abti,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama Raho. Mama ameanza kufunga siku zake za kulipa kabla Ramadhani haijafika, kwa hiyo nyumbani hakuna anayethubutu kupika mchana. Joto ni la kukaanga yai juu ya paa la tuk-tuk. Hongereni kwa dume; huko sokoni Garissa dume lina soko, mwambie Mama Raho.

Maji yamefika. Nilifungua kifuniko nikanusa, nikakaa chini nikacheka mpaka Mustafe, mkuu wa maabara, akaja kuuliza kuna nini. Mtungi ulikuwa umefukizwa moshi, kama kibuyu cha maziwa. Harufu ya vijinga ilipanda yote, na chini kulikuwa na majivu meusi membamba. Kwa dakika moja nilikuwa na miaka tisa, nimeketi kwenu na kikombe cha maziwa ya ngamia yenye moshi. Hakuna aliyenipa heshima kama hiyo tangu nije mjini. Lakini Abti, majivu yana madini yake, na mashine itayasoma kama madini ya kisima. Maji haya hayafai. Tafadhali mwambie Mama Raho kwa upole; asidhani nimeukataa usafi wake.

Natuma chupa sita za plastiki. Zimeoshwa kwa asidi na ndani mna tone la asidi la kutunza maji. Msizisuuze, msizifukize, msizipanguse hata kwa kitambaa cha msikiti. Jazeni, fungeni, rudisheni.

Mitungi ya gesi imeshushwa juzi. Ni mirefu kunizidi, nimeifunga ukutani kwa minyororo ili isianguke. Bomba jembamba la chuma cha pua linatoka kwenye mtungi, linapita kwenye regyuleta ya kupunguza nguvu, linapanda ukuta, linaingia nyuma ya mashine. Upande wa agoni nimeumaliza na kuupaka povu la sabuni kila kiungo. Hakuna hata kiputo. Upande wa heliamu nitaumaliza Ijumaa kabla ya swala. Wiki ijayo tunawasha, inshallah.

Kinsi


Kijijini, Buna
22 Februari 2025

Abti Kinsi,

Tumepokea salamu na chupa. Habari ya moshi nilimsomea Raho asubuhi. Jioni akauliza, "Sasa huko mjini maziwa wanakunywa kwenye nini?" Nikamwambia kwenye pakiti. Akasema ndiyo maana Kinsi amekonda. Basi yamekwisha.

Chupa nilizijaza mimi, kufuli likafunguliwa na kufungwa mbele ya wajumbe wawili, ili asije mtu akasema nilichota kwangu. Maji ya kisima yalitoka baridi. Wanawake watano walisimama wakiyatazama yakiingia kwenye chupa zako ndogo, na punda wao wamebeba madumu matupu kwenda silangani. Kisha wakawaswaga punda wakaenda. Afadhali wangenigombeza kwanza.

Umesema wiki ijayo, na wiki hiyo imepita. Ramadhani iko mlangoni. Kwenda na kurudi kilomita kumi na nane kwa funga si mchezo. Niandikie siku.

Dubow

Kinsi chupa sikugusa. Nilitazama kwa mbali tu. Raho.


Waberi, Garissa
3 Machi 2025

Kwa mjomba wangu mpendwa Abti Dubow, pamoja na Mama Raho mwenye huruma,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ramadhan Karim kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo, na kwa majirani wote, na kwa wazee wa kamati. Mwenyezi Mungu azipokee funga zetu. Sisi huku tunaendelea vizuri sana. Mama ni mzima, goti lake ni zima, majirani ni wazima. Mbuzi wa jirani amezaa mapacha. Mto Tana umepungua lakini si sana. Bei ya tende imepanda kidogo, ila zile za Mandera ni nzuri zaidi mwaka huu. Natumaini yule ngamia mdogo anaendelea kunyonya vizuri na mama yake ana maziwa ya kutosha. Mpeni jina zuri. Kaka wa mwenye duka ameoa. Harusi ilikuwa nzuri, pilau ilibaki.

Chupa zimefika salama, ni safi kabisa.

Kuhusu gesi, heliamu imechelewa Nairobi. Tunangoja. Tafadhali msifungue.

Wenu,
Kinsi


Kijijini, Buna
18 Machi 2025

Abti Kinsi,

Tumepata salamu, za watu na za mbuzi.

Nitasema kifupi kwa sababu Mohamedamin anangoja na injini inawaka. Wiki jana vijana walikuja na nyundo. Niliketi juu ya saruji ya kisima, nikawaambia waanze na mimi. Waliondoka, lakini siwezi kuketi pale kila siku. Nina mambo nyumbani.

Sitaki maelezo ya Nairobi. Nataka neno moja, nifungue au nisifungue. Ukisema fungua, nitafungua leo. Ukisema usifungue, sitafungua hata wakinivua uenyekiti. Lakini liwe neno lako, lisiwe la mtungi.

Raho anakusalimu. Mikono yake imeshughulika, hakuweza kuandika.

Dubow


Waberi, Garissa
7 Aprili 2025

Abti,

Assalaamu alaykum. Idd njema, ingawa imepita. Mama ni mzima.

Usifungue. Hilo ni neno langu. Mengine yanayofuata ni aibu yangu.

Heliamu haikuchelewa Nairobi. Ilifika pamoja na agoni, mtungi mzima, na mimi ndiye niliyeimwaga. Ijumaa ile ya tarehe kumi na nne Februari nilikuwa na haraka ya swala, na nilitaka Jumatatu nikuandikie kwamba imekwisha. Kiungo cha mwisho nyuma ya regyuleta hukazwa kwa pete mbili ndogo za chuma zinazouma bomba, chuma kwa chuma. Hakitaki kitu kingine. Mimi nikatoa tepu nyeupe ya mafundi wa maji, nikazungusha mara tatu kama tulivyokuwa tukifanya kwenye pampu ya shule, nikakaza. Mkono wangu ulifanya kabla kichwa hakijauliza. Tepu ikaingia katikati, pete hazikuuma sawasawa. Agoni ingeweza kuvumilia ubovu huo kidogo. Heliamu ni nyembamba kuliko gesi zote, inapita pale ambapo hata maji hayawezi.

Ilinipasa nijaze bomba, nifunge mtungi, nitazame geji siku nzima kama mshale unashuka. Sikungoja. Hata povu la sabuni sikupaka upande ule. Niliacha mtungi wazi nikaenda kuswali. Jumatatu asubuhi mshale ulikuwa sifuri.

Mustafe aliniuliza kama mtungi ulikuja pungufu. Nilinyamaza, naye akaandika kwamba ulikuja pungufu. Wewe nikakuandikia Nairobi. Mtungi wa pili ulichukua wiki sita na nusu, na wiki hizo zote ninyi mmekwenda silangani, katika Ramadhani, kwa sababu yangu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii nimeitembea nikaona ndefu.

Nilimwambia Mustafe ukweli juzi, kabla ya kukuandikia wewe. Hakupiga kelele. Alinipa karatasi akaniambia niandike namna sahihi ya kufunga kiungo kile na kuibandika ukutani, jina langu chini. Iko pale. Kila anayeingia anaisoma.

Mtungi mpya ulifika Alhamisi. Nimefunga kiungo kwa pete mpya, bila tepu, nikapaka sabuni, nikajaza bomba nikaufunga mtungi. Leo ni siku ya nne natazama geji. Mshale haujasogea hata unywele. Fundi wa kuwasha mashine anakuja tarehe kumi na nne.

Abti, kwa nini Mama Raho hakuandika mstari wake? Hajawahi kuacha. Kama amenikasirikia, ana haki, lakini na aandike hivyo.

Kinsi


Waberi, Garissa
24 Aprili 2025

Abti Dubow,

Salamu kwako na kwa Mama Raho. Sijapata jibu, nasikia mvua ya Gu imekata barabara huko Wajir na magari yamelala. Alhamdulillahi kwa mvua. Mama anasema nitume hii barua kwa lolote litakalopita kwanza, hata lori la chumvi.

Maji ya kisima chenu ni salama.

Nimeyapima mara tatu, chupa tatu tofauti. Kiwango cha aseniki kinachoruhusiwa ni mikrogramu kumi kwa lita. Yenu ni nne. Kwanza niliyapima bila heliamu, ili nijue, na mashine ikasema ishirini na tatu. Namba hiyo niliizungushia duara, maana ndiyo ningekupelekea kama ningesema tufanye hivyo hivyo bila heliamu. Kisha nikafungua heliamu, na ile ishirini na tatu ikashuka mbele ya macho yangu mpaka nne, ikakaa. Yaliyobaki yote yalikuwa chumvi.

Cheti kimo humu, kina muhuri na sahihi ya Mustafe na yangu. Kisomee kamati. Fungua, Abti. Fungua leo.

Kinsi


Kijijini, Buna
20 Mei 2025

Abti Kinsi,

Wa alaykum salaam. Barua zako mbili zilifika siku moja, zote zimelowa. Nilisoma ya cheti kwanza, kwa bahati.

Niliisoma mbele ya watu, Jumamosi. Yule mzee aliyesema habari ya msichana aliomba nirudie ile namba, nikairudia, akataka kukiona cheti kwa macho yake, ingawa hajui kusoma. Kisha nikafungua. Wanawake walichota mpaka pampu ikapata moto. Nimefurahi, Kinsi. Naandika hivyo kwa sababu katika barua zangu hunioni uso.

Ile nyingine niliisoma peke yangu. Hukunipa habari mpya. Nilijua tangu Machi. Wewe ukikosea, salamu zako hurefuka. Ulikuwa hivyo tangu darasa la nne, ulipovunja kioo cha ofisi ukaja kuniuliza hali ya kila mwalimu. Ulipofika kwenye mbuzi wa jirani na mapacha wake nikajua kuna kitu kimemwagika. Sikujua ni nini tu.

Na tepu ile nilikufundisha mimi. Nilikuambia hakuna nati isiyotaka tepu. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, nilijua pampu moja tu. Kwa hiyo kwenye ile karatasi ya ukutani andika na jina langu.

Sasa langu, nililolificha mimi. Tarehe tisa Machi Raho aliteleza ukingoni mwa silanga. Dumu lilimwangukia juu ya mkono wa kulia, ukavunjika mahali pawili. Alikuwa amefunga. Punda ndiye aliyemrudisha. Sikukuandikia, kwa sababu ningekuandikia ungeshika spana kwa mikono inayotetemeka, na mashine isingewaka mpaka leo. Hilo ndilo nililojiambia. Pengine nilikuwa na hasira pia, nikaogopa ingeonekana kwenye mwandiko.

Lakini ujue jambo hili moja. Siku ile, kabla gari la kumpeleka zahanati halijafika, nilichukua ufunguo. Nilisimama nikamwambia Raho, nakwenda kufungua, imetosha. Alikuwa amelala chini, mkono umefungwa kwa shuka. Akaniambia, "Kaa chini. Kinsi bado hajasema."

Nikakaa.

Plasta imetolewa juma lililopita. Vidole bado vizito, amekazana kuandika tangu asubuhi, amenifukuza nisitazame. Kufuli ninakutumia ndani ya kifurushi hiki. Huku halina kazi.

Mjomba wako,
Dubow

Kinsi hii ni mimi Raho. Mkono imepona kidogo. Kutoka mlango yangu mpaka kisima ni hatua mia mbili na kumi nimehesabu. Njoo unywe chai ya maji yako. Raho.